Macho ya Satelaiti juu ya Misitu ya Kasongo na Kabambare: Moto, Ukame na Uwezo wa Msitu Kurudi

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa 6, moshi huonekana juu ya vilima vya Kasongo na Kabambare. Majani yamekauka. Wakulima wanachoma mashamba waliyofyeka, wawindaji wanachoma mbuga ili wanyama watoke, na jioni jua linazama likiwa jekundu. Wengi wetu tumezaliwa tukiuona moshi huo, na hatuulizi tena maana yake.

Moshi ule ule unaonekana pia kutoka juu, mahali ambapo hakuna mtu. Satelaiti zinapita juu ya Maniema mchana na usiku, zinapima joto la moto, rangi ya majani na wingi wa mvua, na vipimo vyake viko wazi bila malipo kwa yeyote mwenye intaneti. Katika andiko hili tunaeleza kwa makutaniko yetu ya mashariki jinsi kazi hiyo inavyofanyika, imefundisha nini juu ya misitu yetu, ni mambo gani isiyoweza kuyaona, na sisi waumini tunaweza kuitumiaje. Tunaandika kwa sababu swali lenyewe si la wataalamu peke yao. Swali ni hili: msitu wetu ukipigwa na ukame na moto, je, unarudi? Au kila mwaka unarudi nyuma kidogo, mpaka watoto wetu wakute majani tu?

Nchi iliyo kwenye ukingo

Jimbo la Maniema si nchi ya aina moja. Kaskazini, upande wa Punia na Lubutu, ni msitu mzito wa ikweta. Ukishuka kusini msitu unaanza kukatika. Katika Kasongo na Kabambare tunakuta misitu inayofuata mito, kama Luama na vijito vyake mpaka Lualaba, na katikati yake mbuga za majani marefu, vichaka, na mashamba yaliyopumzishwa. Mashariki ya Kabambare nchi inapanda kuelekea milima ya Fizi na Itombwe.

Mvua nayo si ya mwaka mzima. Kati ya mwezi wa 5 na wa 9 inapungua, na mwezi wa 6, wa 7 na wa 8 ndiyo kiangazi chenyewe. Ndiyo wakati moto unapotembea. Ndani ya msitu mzima moto wa mbugani kwa kawaida hufika ukingoni na kuzimika, kwa sababu chini ya miti mikubwa kuna kivuli, unyevu na majani mabichi. Lakini kiangazi kikiwa kikali, majani yaliyoanguka chini ya miti yanakauka, na moto unaingia. Miti ya msitu wa mvua mara nyingi ina gome jembamba na haikuzoea moto. Ikifa, jua linafika chini, nyasi zinaingia, na mwaka unaofuata nyasi hizo ndizo kuni za moto mwingine.

Kwa hiyo ukingo wa msitu ndio mahali pa kuangalia. Hapo ndipo msitu unapoendelea mbele au kurudi nyuma, hatua kwa hatua, bila kelele.

Satelaiti inaona nini

Wataalamu wanaita kazi hii utambuzi wa mbali, yaani kujua hali ya kitu bila kukigusa. Kuna njia tatu kubwa.

Ya kwanza ni rangi ya majani. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu wa jua na kurudisha kwa nguvu mwanga wa infraredi, ambao jicho la mtu haliuoni. Jani lililokauka hufanya kinyume. Kwa kulinganisha mianga hiyo miwili, hesabu inatoa namba moja ya ukijani kwa kila kipande cha nchi. Satelaiti za Landsat za Marekani zimepiga picha za dunia tangu 1972, na tangu 2008 picha zake zinatolewa bure. Kila kipande kina mita 30 kwa 30. Satelaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa 2015, zinaona vipande vya mita 10 kwa 10, na zikiwa mbili zinarudi mahali pale pale kila siku 5. Shamba la nusu hekta linaonekana humo bila shida.

Ya pili ni joto. Moto unaowaka hutoa mwanga wa infraredi wa namna ya pekee. Kifaa kinachoitwa MODIS, kwenye satelaiti Terra (1999) na Aqua (2002), kinatambua moto katika vipande vya kilomita 1. Kifaa kipya zaidi, VIIRS, kilichoanza 2011, kinatambua katika vipande vya mita 375. Idara ya anga ya Marekani, NASA, inaweka vipimo hivyo kwenye ramani inayoitwa FIRMS kwa kawaida ndani ya saa 3 hivi baada ya satelaiti kupita. Ndizo zile alama nyekundu ambazo huenda umewahi kuonyeshwa kwenye simu. Moto ukishapita, picha za rangi zinaonyesha pia kovu jeusi lililobaki, na humo tunaweza kupima ukubwa wa eneo lililoungua.

Ya tatu ni rada na leza. Rada ya Sentinel-1, iliyorushwa 2014, hupenya mawingu na moshi, nayo ni faida kubwa katika nchi yenye mawingu kama yetu. Leza ya GEDI, iliyopelekwa kwenye kituo cha anga cha kimataifa mwisho wa 2018, hupima urefu wa miti: mwali mmoja hurudi kutoka kileleni, mwingine kutoka ardhini, na tofauti yake ndiyo kimo cha msitu.

Juu ya hayo kuna hesabu ya mvua. Vituo vya kupima mvua ni vichache sana katika sehemu yetu ya Kongo. Kwa hiyo wataalamu wameunganisha picha za mawingu na vipimo vya vituo vichache vilivyopo, wakapata hesabu iitwayo CHIRPS, inayoanza 1981 na kugawanya nchi katika miraba ya kilomita 5 hivi. Kwa hiyo hata kijiji kisichowahi kuwa na kipimo cha mvua kina makadirio ya zaidi ya miaka 40.

Kupima uwezo wa kurudi

Akina mama wanaopeleka watoto kupimwa kwenye kituo cha afya wataelewa jambo hili haraka. Uzito wa siku moja hausemi mengi. Muuguzi anaangalia mstari kwenye karatasi: mtoto alikuwa wapi mwezi uliopita, malaria ilimshusha kiasi gani, na baada ya malaria alichukua muda gani kurudi kwenye mstari wake. Mtoto anayeshuka kidogo na kurudi upesi ana nguvu. Anayeshuka sana, au anayekawia zaidi kila anapougua, yuko katika hatari hata kama leo anacheza.

Msitu hupimwa vivyo hivyo. Kwanza, ukame ulipokuja ukijani ulishuka kiasi gani? Pili, mvua iliporudi, ulichukua miezi au miaka mingapi kurudi mahali ulipokuwa? Tatu, je, katika kila ukame unaofuata urudi huo unakuwa wa polepole zaidi? Hilo la tatu ndilo onyo kubwa, kwa maana linaonyesha udhaifu kabla miti haijaanguka.

Kuna tahadhari moja ambayo ni muhimu kwa nchi kama yetu. Katika mwezi wa 11 au wa 12, mbuga iliyolishwa na mvua inaweza kuonekana kijani karibu kama msitu. Anayelinganisha picha za masika anaweza kusema msitu umerudi, na kumbe ni majani. Picha za mwisho wa kiangazi husema kweli zaidi, kwa kuwa wakati huo majani yamekauka na msitu bado una kijani chake.

Nini kimejulikana juu ya Bonde la Kongo

Mwaka 2014 Liming Zhou na wenzake walichapisha katika jarida la *Nature* utafiti ulioonyesha kwamba kati ya 2000 na 2012 ukijani wa sehemu kubwa ya msitu wa Kongo ulipungua katika miezi ya 4, 5 na 6, pamoja na kupungua kwa mvua na maji ya ardhini. Mwaka 2019 utafiti mwingine wa kundi hilo ulionyesha kwamba kiangazi cha katikati ya mwaka katika msitu wa Kongo kilirefuka kwa siku kati ya 6.4 na 10.4 kwa kila miaka 10, kuanzia 1988 mpaka 2013. Kwa mtu aliyezaliwa 1988, maana yake ni kwamba alipofika miaka 25 kiangazi kilikuwa kimeongezeka kwa wiki mbili hadi karibu wiki nne. Wazee wetu wanaposema mvua ya kupanda haiji tena kwa wakati wake, hawasemi tu kwa kuzeeka.

Kuna pia habari ya kutia moyo. Baada ya joto na ukame mkali wa El Niño wa 2015 na 2016, watafiti walirudi kupima miti katika viwanja 100 vya msitu mzima katika nchi 6 za Afrika. Matokeo, yaliyotolewa 2021, yalionyesha kwamba kasi ya kuhifadhi kaboni ilipungua, lakini miti haikufa kwa wingi, na misitu hiyo iliendelea kuhifadhi kaboni. Msitu wa Afrika usioharibiwa una uvumilivu mkubwa kuliko wengi walivyodhani.

Lakini neno "usioharibiwa" lina uzito. Utafiti uliotolewa 2018 kwa picha za Landsat ulikuta kwamba karibu 84% ya eneo la msitu lililoharibiwa katika Bonde la Kongo kati ya 2000 na 2014 lilifyekwa kwa mikono kwa ajili ya mashamba madogo. Hizo si kampuni kubwa. Ni watu kama sisi, wanaotafuta muhogo, mpunga, mahindi na karanga za kulisha nyumba. Na kwa mwaka 2024 Global Forest Watch iliripoti kwamba dunia ilipoteza hekta milioni 6.7 za msitu wa asili wa nchi za joto, karibu nusu yake kwa moto, na kwamba Kongo yetu ilipoteza msitu wa asili kuliko mwaka wowote uliowahi kupimwa kwa hesabu hiyo.

Mvua ile ile, mimea miwili

Jambo linalotugusa zaidi sisi wa kusini mwa Maniema lilitolewa 2011 na Carla Staver, Sally Archibald na Simon Levin katika jarida la *Science*. Walilinganisha ramani za satelaiti za miti, mvua na moto. Walikuta kwamba mahali penye mvua kidogo sana msitu hauwezi kukaa, na penye mvua nyingi sana mbuga haiwezi kukaa. Lakini katikati, panaponyesha kati ya milimita 1000 na 2500 kwa mwaka na kiangazi kisichozidi miezi 7, vyote viwili vinawezekana. Mvua peke yake haichagui. Kinachotofautisha msitu na mbuga hapo ni moto.

Kasongo na Kabambare ziko ndani ya kipimo hicho. Maana yake ni nzito. Katika nchi yetu, kilima cha majani kingeweza kuwa msitu, na msitu wa mtoni ungeweza kuwa majani, chini ya mvua ile ile. Na kwa kuwa moto mwingi wa kiangazi huwashwa na mkono wa mtu, sehemu kubwa ya uamuzi iko kwetu.

Majaribio ya chini yanakubaliana na picha za juu. Kule Ndola, nchini Zambia, si mbali na mpaka wa Katanga, viwanja vya miombo viliwekwa tangu 1933. Kimoja kilichomwa kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, kingine mwishoni, kingine kililindwa kabisa. Baada ya miaka mingi, kiwanja kilichochomwa mwishoni kilikuwa kimepoteza karibu miti yake yote mikubwa. Kilichochomwa mapema kilibaki na miti. Kilicholindwa kilianza kuwa msitu. Majaribio ya namna hiyo yalifanywa pia karibu na Lubumbashi. Sababu ni rahisi: mwanzoni mwa kiangazi majani bado yana unyevu, moto ni mfupi na umande wa usiku huuzima, mwishoni kila kitu kimekauka, upepo ni mkali, na miti imeanza kutoa majani mapya na haiwezi kujitetea.

Na kule Manzonzi, karibu na hifadhi ya Luki katika Kongo Central, mbuga iliyokuwa ikiungua kila mwaka ililindwa na moto tangu 2005. Miti imerudi yenyewe, na watafiti wameipima. Miombo ya Ndola na mbuga ya Manzonzi si sawasawa na misitu yetu ya mitoni, lakini somo ni moja. Msitu uliosukumwa nyuma unaweza kurudi ukipewa nafasi.

Mambo ambayo satelaiti haioni

Sasa tuseme mipaka yake, kwa maana chombo kisichoeleweka kinaweza kuleta dhuluma.

Satelaiti zinazobeba VIIRS hupita juu yetu karibu saa 7 na nusu mchana na saa 7 na nusu usiku. Shamba lililochomwa saa 10 jioni na kuzimika kabla ya watu kulala huenda lisionekane kabisa. Mawingu huficha moto. Moto mdogo unaotambaa chini ya miti mikubwa hufichwa na majani ya juu, na huo ndio wakati mwingine unaoua msitu zaidi. Watafiti walipotumia picha za Sentinel-2 kuhesabu eneo lililoungua Afrika kusini ya Sahara mwaka 2016, walipata karibu 80% zaidi kuliko hesabu ya zamani ya MODIS, kwa sababu mioto midogo ilikuwa imeachwa nje.

Tena, alama nyekundu haisemi ni moto wa nani wala wa nini. Inaweza kuwa shamba lililochomwa kwa uangalifu, au tanuru la makala, au uwindaji. Kijani nacho kinaweza kudanganya: watu wakikimbia vita, mashamba yao huota vichaka, na kutoka juu huonekana kama nchi inapona, na kumbe watu wake wanateseka mahali pengine. Vilevile udongo mwekundu uliowazi unaweza kuwa shamba jipya au shimo la dhahabu, kama yale ya upande wa Namoya na Salamabila. Mtu wa mahali ndiye anayejua.

Alama nyekundu si hukumu

Katika vijiji vyetu moto uliovuka mpaka ni kesi. Michikichi ya mtu imeungua, au muhogo wa mjane, au ghala la mpunga, au kanisa lililoezekwa kwa majani. Wazee wanakaa, wanauliza nani aliwasha. Siku moja kijana atatoa simu na kusema, "Satelaiti imeonyesha, moto ulikuwa kwa fulani."

Tufanye hesabu pamoja. Kipande kimoja cha VIIRS ni mita 375 kwa 375, yaani hekta 14 hivi. Kama mashamba ni ya nusu hekta, kipande hicho kinabeba mashamba zaidi ya 20. Alama inasema tu kwamba mahali fulani ndani ya hekta hizo kulikuwa na joto la moto saa hiyo. Kumhukumu mtu kwa alama hiyo peke yake ni kumshuhudia jirani uongo, hata kama aliyeshuhudia ni mashine. Inaweza kuwasaidia wazee kujua siku, na upande moto ulikotokea, lakini haiwezi kukaa mahali pa mashahidi.

Tunakumbuka Nehemia alipofika Yerusalemu. Kabla ya kusema neno kwa wakuu au kwa watu, alitoka usiku na watu wachache, akazunguka, akayaangalia mwenyewe malango yaliyoteketea kwa moto. Alikuwa ameshasikia habari akiwa mbali sana, katika jumba la mfalme, na habari hiyo ilikuwa ya kweli. Hata hivyo alikwenda kuona kwa macho. Ndipo akawaita watu, wala hakuwaita ili awalaumu, bali ili wajenge pamoja.

Mkulima anayechoma si adui. Majivu ndiyo mbolea yake, moto ndio jembe lake la kwanza, na mara nyingi hana njia nyingine. Zamani shamba lilipumzishwa miaka mingi, na msitu ukapata muda wa kurudi. Leo, mahali watu wamesongamana karibu na barabara na miji, shamba linarudiwa mapema, na moto unapita juu ya miche kabla haijakua. Hapo ndipo msaada unahitajika, kuliko maneno makali.

Jinsi kutaniko linavyoweza kuitumia

Tunapendekeza mambo machache, yanayowezekana hata pasipo umeme.

*Chagueni ukingo mmoja.* Msihangaike na nchi nzima. Chagueni ukingo mmoja wa msitu karibu na kanisa au shule, wekeni alama kwenye miti mitatu au minne, na kila mwaka mwishoni mwa kiangazi angalieni: moto ulifika wapi, miche ipo au majani tu?

*Wekeni daftari la moto.* Vijana waandike tarehe, saa, mahali, kilichoungua, na kama moto ulivuka mpaka. Wasiandike majina ya watu. Mwenye intaneti, Kasongo mjini au Kindu, anaweza kulinganisha daftari na ramani ya FIRMS na kurudisha habari kwa simu. FIRMS hutuma pia taarifa kwa barua pepe kwa eneo mlilochagua. Programu ya Forest Watcher hupakua ramani kwenye simu na kufanya kazi mahali pasipo mtandao. Baada ya miaka miwili au mitatu mtajua ni mioto mingapi satelaiti haikuiona, na daftari lenu litakuwa na thamani hata kwa watafiti.

*Kubalianeni juu ya kalenda.* Pamoja na chifu na wenye mashamba, wekeni wakati wa kuchoma. Mbuga zinazopakana na msitu zichomwe mapema, majani yakiwa na unyevu bado, au zisichomwe kabisa. Shamba lililofyekwa lizungushiwe kwanza njia pana iliyosafishwa mpaka udongo. Mtu asichome peke yake. Jirani ajulishwe siku moja kabla, na moto uwashwe upepo ukiwa umetulia, watu wakiwa na maji na matawi mabichi mkononi, na asiondoke mtu mpaka moshi umekwisha. Siku ya kuchoma inaweza kutangazwa kanisani kama tunavyotangaza kazi za pamoja.

*Lindeni msitu wenu kwa karatasi pia.* Dekrii ya 2014 inaruhusu jumuiya ya mahali kuomba msitu wake wa kimila uwe konsesyoni ya jumuiya, mpaka hekta 50,000. Maombi hayo yanahitaji ramani, na picha za satelaiti, zikiunganishwa na kutembea mipakani pamoja na wazee wa pande zote mbili, zinasaidia kuichora. Kule Kinshasa kuna shirika la OSFAC, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likitoa picha hizo na kufundisha matumizi yake.

*Tembeeni kwa hekima.* Katika sehemu za Kabambare ambako kuna watu wenye silaha, kijana anayepiga picha msituni na kuandika namba za mahali anaweza kudhaniwa vibaya. Chifu na wakubwa wa usalama wajulishwe kwanza. Hakuna ramani inayostahili maisha ya mtu.

Yakobo, alipotaka kueleza jinsi ulimi ulivyo na hatari, alichukua mfano ambao kila mtu wa Maniema anauelewa: moto mdogo na msitu mkubwa. Kiangazi kinachokuja, kabla ya njiti ya kwanza kuwashwa, wazee wa kanisa, akina mama na vijana wa kila kutaniko wangeweza kukaa jioni moja na chifu wao na kuulizana mambo mawili: ukingo wa msitu wetu ulikuwa wapi tulipokuwa watoto, na leo uko wapi? Majibu yaandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.